Chuma Kipya, Baiskeli Ileile

Baiskeli ya penny farthing ninayoiunda hapa Coventry haina hata skrubu moja ya kale. Gurudumu kubwa la mbele, la inchi 36, lilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli ya gurudumu moja: rimu ya alumini, spoku zisizoshika kutu, habu yenye beringi zilizofunikwa. Lile dogo la nyuma nimeling'oa kwenye baiskeli ya mtoto. Hata hivyo nashikilia kwamba hii ni baiskeli ileile aliyoiunda James Starley katika mji huuhuu miaka ya 1870.

Wanafalsafa hupenda kutaja merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja hadi usibaki hata mmoja wa awali. Mfano huo haunifai. Merikebu ile haikukoma kuwapo hata siku moja, mbao zilipokezana. Mimi sina ubao wa kupokea. Kilichovuka kutoka kwa Starley hadi kwenye karakana yangu ni wazo tupu. Wazo gani basi?

Si ukubwa wa gurudumu, ingawa ndio unaovuta macho. Wazo lenyewe ni hili: pedali zimefungwa kwenye habu ya gurudumu lenyewe, bila cheni. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja tu. Aliyetaka mwendo alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na ukomo wake ulikuwa urefu wa mguu wake. Mtu alipimiwa baiskeli kama anavyopimiwa kanzu. Mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake James, alitoa baiskeli ya Rover yenye cheni, na kifungo kile cha mguu na gurudumu kikakatika.

Ndiyo maana fundi mwenzangu aliponishauri niweke friwili, miguu ipumzike mteremkoni, nilikataa katakata. Alumini naikubali. Breki bora naikubali pia, maana kurushwa kichwa mbele juu ya usukani kulikuwa dhara la baiskeli ile, hakukuwa roho yake. Lakini friwili ikiingia, mguu na gurudumu havijuani tena, hata kama kila kipande kingetoka jumba la makumbusho.

Kwa kanuni hiyohiyo, inchi 36 zinanikera kuliko chuma chochote kipya. Ni kipimo cha kiwandani, hakimjui mpandaji. Nimeshajipima kutoka kinena hadi unyayo, na rimu nyingine, ya alumini vilevile, itakunjwa kwa kipimo hicho.