Usitie Saini kwa Bastola ya Mwenzako

Wanangu mnaoishi Marekani, siwakatazi kumiliki silaha. Nchi mliyohamia ina sheria zake, na kijana anayefunga duka peke yake usiku wa manane ana sababu zake. Ninachowaomba ni kujua mnatia saini wapi, na kwa ajili ya nani.

Bunduki unaweza kuichagua na kuilipia mtandaoni, lakini haiji mlangoni kama jozi ya viatu. Zamani ilikuja. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kwa jina la uongo kutoka duka la Chicago, ikatumwa hadi sanduku lake la posta Dallas, na ndiyo iliyomuua Rais Kennedy. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy nao kupigwa risasi, sheria iliufunga mlango huo. Siku hizi muuzaji huituma kwa duka lenye leseni ya serikali kuu, nawe unaifuata huko na kitambulisho chako. Dukani bastola inataka miaka 21, bunduki ndefu 18, na majimbo yana masharti yao: California utasubiri siku 10, Illinois utadaiwa kadi maalumu ya jimbo.

Kaunta utapewa fomu namba 4473. Isome yote, hata watu wakipanga foleni nyuma yako. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa au kwa kumpiga mwenza wako, na kama uko nchini kwa viza ya muda. Mwenye grinkadi anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kama kuwa na leseni ya uwindaji. Halafu kuna swali linalonitia hofu kuliko yote: je, wewe ndiye mnunuzi halisi?

Nahofia kwa sababu ya malezi tuliyowapa. Mjomba akikutuma, unakwenda, huulizi. Bruce Abramski, aliyekuwa polisi Virginia, alitaka kumpatia mjomba wake wa Pennsylvania bastola ya Glock 19 kwa bei nafuu ya polisi. Mjomba akamtumia hundi ya dola 400, na juu yake akaandika waziwazi kuwa ni ya bastola hiyo. Mpwa akajaza kwenye fomu kwamba mnunuzi ni yeye. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki silaha, na hata kukabidhiana walikabidhiana mbele ya muuzaji mwenye leseni. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2014 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema hatia yake iko palepale.

Huyo alikuwa raia, tena mjomba wake hakuwa na doa. Ukimnunulia mtu unayejua amekatazwa, sheria ya mwaka 2022 inaweza kukufunga hadi miaka 15. Na wewe usiye raia, hata ukiwa na grinkadi, kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini, ukawaacha watoto nyuma.

Ombi lenyewe huja kwa upole: “Ndugu yangu, jina langu lina kakesi kadogo tu, nakutumia hela sasa hivi.” Hapo ndipo pa kukataa, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja, hata kama mama atapiga simu kumtetea. Zawadi ya kweli, kwa hela yako mwenyewe, kwa mtu asiyekatazwa, sheria inairuhusu. Hela yake kupitia mkono wako, hapana.

Na ikikuwia vigumu kumwambia hapana, mwelekeze dukani aende mwenyewe. Kama hana la kuficha, muuzaji atauliza FBI, na mara nyingi jibu hupatikana kwa dakika chache.