Fursa Zinakuja Kila Wiki: Tushike Ipi?

Watu wa nje wakifikiria kambi ya wakimbizi, wanafikiria mahali ambapo hakuna cha kufanya. Wanadhani kijana anaamka, anakaa chini ya mti, anangoja chakula. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na shida inayoniletea watu mlangoni ni kinyume cha hiyo. Vitu vya kufanya ni vingi mno. Wiki hii kuna mafunzo ya sabuni ya maji. Mwezi ujao ni kuku wa mayai. Wengine wanaandikisha vijana wa kompyuta kwa kazi za mtandaoni, wengine mkate, wengine kutengeneza simu, wengine sola. Nyingi zinakuja na soda, nauli na cheti. Chache zinakuja na vifaa vya kuanzia, na hapo ndipo watu wanakanyagana.

Swali ninaloulizwa na vijana linaonekana la biashara, lakini mimi naliona ni la maadili. Mtu ambaye tayari ana kazi yake ndogo, inayotembea polepole, akiona nafasi mpya, ana ruhusa ya kuiacha ile ya kwanza? Au ana wajibu wa kutulia? Na kama ni wajibu, ni wajibu kwa nani? Maana mtaji ni wake, jasho ni lake, na njaa pia ni yake.

Wazee hawatusaidii hapa, kwa sababu wana methali za pande zote. Mshika mbili moja humponyoka, sawa. Lakini hao hao wanakwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nimegundua kila mtu anachagua methali baada ya kuamua, siyo kabla. Ile ya fisi aliyeshindwa na njia mbili ndiyo inayotumika zaidi kutugombeza vijana. Siku moja nikaitaja kwenye kikao, binti mmoja akanijibu: "Lakini fisi alikuwa na njaa." Watu wakacheka, mimi nikaikumbuka wiki nzima. Katika hadithi tunamwita fisi mlafi. Hakuna anayeuliza alikula lini mara ya mwisho.

Sisi tuliotoka Kongo tumekua na utani wa Kifungu cha 15. Asili yake watu wanairudisha hadi Kasai ya Kusini ilipojitenga mwaka 1960, na wakati wa Mobutu ukawa kama falsafa ya nchi nzima: katiba imeisha, sasa jitafutie njia mwenyewe. Baba anafundisha asubuhi, mchana anauza mafuta ya mawese, jioni anatengeneza redio. Hakuna aliyemwambia baba huyo kwamba anatapanya akili. Mshahara wa serikali ulikuwa hauji, basi. Mtu aliyelelewa hivyo anafika kambini, anakutana na mkufunzi wa ujasiriamali ambaye anamwambia achague kitu kimoja atulie nacho miaka 5. Mkufunzi mwenyewe amekuja na gari la shirika, wiki ijayo yuko Dadaab, na mwakani atakuwa kwenye mradi mwingine kabisa. Namheshimu, lakini ushauri huo hajautembea kwa miguu yake.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaoruka ruka kwa akili, siyo kwa upuuzi. Tuangalie mambo yalivyo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimengoja miaka mingi, zingine zimeshauza vitanda, masufuria na vibanda kwa sababu tarehe ya ndege ilikuwa imetoka, zikabaki zimekaa juu ya mabegi. Nani atawaambia hao kosa lao ni kutotulia na kazi moja? Mwaka huo huo chakula cha msaada kilipunguzwa, halafu watu wakagawanywa kwa makundi kulingana na hali zao, na kundi la mwisho, la wale wanaohesabiwa kwamba wanaweza kujitegemea, halipati kitu. Sasa fikiria mama mwenye kibanda kinachoonekana barabarani. Kutulia kwake ndiko kunakoweza kumwandika kwenye kundi hilo. Jirani yake mwenye vijikazi vitatu vya kujificha haonekani kirahisi hivyo. Mtu akipima hatari zake namna hiyo akaamua kuweka mguu huku na huku, siwezi kumwita fisi.

Kwa hiyo siamini kwamba kutulia na jambo moja ni jema kwa lenyewe. Hata mwizi anatulia na kazi yake.

Lakini kuna mama mmoja anayeuza mandazi karibu na shule ya msingi, yeye alinifanya niangalie suala hili kwa upande mwingine. Aliitwa kwenye kikundi cha kuku. Nafasi nzuri kweli: vifaranga, chakula cha miezi ya mwanzo, mtu wa chanjo. Ila mafunzo yalikuwa asubuhi. Akakataa. Nikamuuliza kwa nini, nikitegemea atanipigia hesabu ya faida. Akasema, "Mwanangu, watoto wanapita hapa saa kumi na mbili na nusu. Wengine mama zao wananilipa mwisho wa mwezi. Nisipokuwepo, wanaingia darasani na njaa." Hayo tu. Hakutaja ndoto yake wala malengo ya miaka 5. Alitaja watu, tena kwa saa wanayopita.

Tangu hapo naona tunauliza swali vibaya. Tunamuuliza kijana, wewe unataka nini, unapenda nini, unajiona wapi? Maswali yote yanamzunguka yeye. Ukimuuliza hivyo, kila fursa mpya ina haki ya kushindana na ile ya zamani, kwa sababu hamu ya mtu inageuka kila siku, hasa mtu wa miaka 22. Lakini biashara ikishakaa mahali miezi kadhaa haiwi tena ya mwenyewe peke yake. Kuna mtu amepanga asubuhi yake akijua utakuwepo, na mwingine amekuachia pesa kabla hajapata kitu. Umakini tunaouhubiri kwenye semina, ukiufuatilia mpaka mwisho, ni deni la watu. Ni namna ya kutimiza neno.

Na hapa Kakuma neno ni kitu kikubwa kuliko mahali pengi. Kambi hii ilianza mwaka 1992 na ilitegemewa kuwa ya muda. Mwaka 2018 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilipotoa utafiti juu ya uchumi wake, lilihesabu biashara zaidi ya 2,000 kwa wakimbizi na wenyeji wa mji. Hizo biashara hazikujengwa na mikopo ya benki. Zimejengwa na daftari la deni. Tangu 2015, pesa ya chakula ya Bamba Chakula ilipoanza kuingia kwenye simu, familia nyingi zimekuwa zikichukua unga na mafuta dukani kwanza, pesa ikiingia wanalipa, halafu wanaanza tena kukopa. Ukiangalia maduka ya Wasomali na Wahabeshi yaliyokaa miaka mingi, utaona mwenye duka anajua nani ana watoto wangapi, nani pesa yake imechelewa, nani anasema kweli. Elimu hiyo haipatikani kwenye mafunzo ya siku 3. Inapatikana kwa kuwa mtu yule yule, mahali pale pale, mpaka watu wakuzoee. Kila ukihama unaanza kuwa mgeni upya, na mgeni hauziwi kwa deni wala hapewi nguo ya kushona kabla.

Kuna kitu kingine hatupendi kukisema kwa sauti, hasa sisi tunaopata posho kutoka kwa miradi. Fursa zinazokuja kambini zina kalenda yake. Mradi unataka watu wapya, uwaandike, uwapige picha, uandike ripoti, ufunge. Mtu aliyeanza miaka miwili iliyopita na cherehani yake imekatika mkanda si mpya, kwa hiyo hana fomu ya kujaza. Yaani tunamlipa mtu kuanza, hatumlipi kuendelea. Halafu tunashangaa vijana wana vyeti vinne ukutani na hakuna hata kimoja kinacholeta unga. Wamefanya kile tulichowalipa kufanya.

Sasa nije kwa fundi mmoja, sitamtaja jina. Anashona kwenye kibanda cha mabati, cherehani ya kukanyaga, ana wanafunzi wawili, mmoja ni msichana aliyeacha shule. Kipato chake kikubwa ni sare za shule za Januari. Kufika Desemba, wazazi 11 walikuwa wamemtangulizia pesa, naye ameagiza kitambaa Kitale kupitia dereva, maana kusafiri mwenyewe ni habari ya vibali. Ndipo ikatokea nafasi ya mafunzo ya kazi za mtandaoni. Miezi 3, kutwa nzima, upande wa pili wa kambi, na mwisho wake laptopu. Inaanza wiki ya kwanza ya Januari.

Alikuja kwangu usiku. Hoja zake zilikuwa nzito. Sheria ya wakimbizi ya 2021 inaongea juu ya haki ya kufanya kazi, lakini sare hazitamtoa hapo alipo, kazi ya kompyuta inaweza. Akiwa na laptopu, hata akihamishwa nchi nyingine, kazi inaenda naye. Cherehani huwezi kupanda nayo ndege. Na nafasi kama hiyo ikipita, akauliza, nani anajua itarudi lini?

Nilimwambia sioni ubaya wowote katika kuondoka. Mtu hakuzaliwa afe kwenye kibanda cha mabati. Ubaya ni kuondoka na kitambaa cha mtu. Kama unataka kwenda, nenda kwa wale wazazi 11 mmoja mmoja, waambie, anayetaka pesa yake umrudishie, anayetaka kungoja angoje kwa kujua. Tafuta fundi wa kuwachukua wanafunzi wako. Ukimaliza hayo, nenda darasani na roho nyeupe, na anayekwambia huna msimamo mpuuze. Lakini kama huwezi kuwaangalia usoni na kuwaambia, basi hiyo nafasi siyo yako bado, hata ikiwa nzuri vipi.

Akasema, "Ndugu, wewe ni rahisi kusema, una posho yako mwisho wa mwezi." Ni kweli. Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka leo sina. Niseme tu kwamba ukweli wa neno hautegemei tumbo la anayelisema, ingawa najua neno la mwenye kushiba linasikika vibaya.

Alikwenda kwa wazazi. Wanne wakataka pesa yao, na pesa ilikuwa imeshakuwa kitambaa. Akawaomba wenye mafunzo aanze Februari, wakakataa, orodha ilikuwa imefungwa. Akabaki. Sare zikatoka zote kabla shule hazijafungua, zingine za usiku, kwa taa ya sola.

Nafasi yake ilichukuliwa na kijana mwingine wa bloku yetu. Miezi mingine kijana huyo anaingiza pesa ambayo fundi haioni hata kwa miezi mitatu, miezi mingine kazi haiji kabisa. Fundi anamwona akipita na begi la laptopu mgongoni. Inamuuma, na hafichi. Amewahi kuniambia mbele za watu kwamba mimi nilimkosesha, watu wakacheka, yeye akacheka nusu. Wapo wanaotaka hadithi hii imalizike kwa fundi kutajirika, ili waende kuisimulia kwenye semina. Hajatajirika. Wazazi wamemletea sare za mwaka uliofuata bila kuuliza bei, basi, hicho ndicho alichopata, na mtu anaweza kusema ni kidogo kwa laptopu nzima. Mimi nasema alifanya vizuri, na nasema hivyo nikijua alipoteza. Kama kutimiza neno kungekuwa na faida kila mara, tusingehitaji kukuita wema, tungekuita biashara nzuri tu.

Tangu hapo, kijana akija kwangu na fomu ya nafasi mpya, kabla hatujaijaza namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu: nani atakutafuta Jumatatu asikuone? Wengine wanasema hakuna mtu. Nao nawaambia waende, wajaribu hiki na kile, ndiyo umri wenyewe. Wengine wananyamaza kidogo, halafu wanaanza kutaja majina.

Fundi siku hizi hamfundishi yule msichana kushona peke yake. Anamfundisha kupima na kukata, kazi ambayo mafundi wengi huwa wanawaficha wanafunzi wao miaka. Nilipomuuliza mbona haraka hivyo, alisema nafasi nyingine ikija anataka pawe na mtu wa kukaa kibandani.