Wakunga hawashuki kutoka mbinguni: Serikali itenge fungu, nasi tutimize fardhi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Suratul Maida, aya ya 32, tunafundishwa kuwa kuokoa uhai wa mtu mmoja kuna uzito wa kuokoa watu wote. Ndiyo maana wanazuoni wakauhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya. Wakipatikana wa kutosha, umma umesalimika. Wasipopatikana, dhambi ni yetu sote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana kwenye fiqhi huku miji mingine ikiwa haina tabibu Muislamu hata mmoja.

Hapa Sokon I nasikia malalamiko yale yale kila mara: wake zetu wakienda kujifungua, wanahudumiwa na wanaume. Malalamiko haya yana haki. Lakini najiuliza, huyo mkunga wa kike atoke wapi, ikiwa binti aliyefaulu Baiolojia na Kemia kidato cha nne anakaa nyumbani kwa kukosa ada ya chuo?

Wala tatizo hili si la Waislamu peke yao. Mama wa Kimasai kutoka Longido asiyejua Kiswahili hueleza uchungu wake kupitia mkalimani, na siri yake ya ndani inapita kwa mtu wa tatu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizishauri serikali zichukue wanafunzi wa afya kutoka vijijini na kuwasomesha kwa masharti ya kwenda kutumikia huko, kwa kuwa mtu wa kwao huelekea zaidi kubaki kwao.

Serikali imefanya mambo ya kushukuriwa. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ile tozo ya asilimia 6 kwenye mikopo ya elimu ya juu, iliyowatia wengi wetu hofu ya riba, iliondolewa mwaka 2021. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ilianza kutolewa kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, zikiwemo fani za afya.

Hata hivyo, mkopo humsubiri yule aliyekwishafika mlangoni mwa chuo. Haumtafuti asiyeonekana. Kwa hiyo naomba Serikali itenge fungu la ruzuku, si mkopo, kwa ajili ya mabinti wa familia maskini na vijana wa wilaya zenye uhaba wa watumishi. Fungu hilo lianzie kwenye masomo ya sayansi katika shule za kata, na anayesomeshwa afunge mkataba wa kutumikia kwao. Kisha itangazwe kila mwaka ni wangapi wamesomeshwa, kutoka wilaya zipi.

Wapo watakaosema huu ni udini. Hapana! Kipimo ni umaskini, jinsia na wilaya, si dini ya mtu. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu, na hospitali hizo zinatutibu hata sisi. Basi fedha ya umma kuelekezwa penye haja si jambo geni nchini.

Tena si geni katika Uislamu. Waandishi wa sira wanaeleza kuwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, Mtume (s.a.w.) aliamuru alazwe katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam aliyekuwa akitibu majeruhi. Hema hilo lilikuwa ndani ya msikiti wa Madina, na msikiti ule ndio uliokuwa makao ya dola. Mwanamke mtabibu alipewa nafasi na mamlaka yenyewe!

Nasi tusikae kuisubiri bajeti. Binti fukara anayekosa ada ni mstahiki wa zaka. Kamati za misikiti ziwaorodheshe mabinti waliofaulu sayansi, na orodha hizo zifikishwe kwa madiwani na wabunge wetu. Anayedai mkunga wa kike huku akimzuia bintiye kusoma anadai asichokipanda.

Wabillahi tawfiq.