Ubaya wa Mstari

Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichukizwa na kurasa za majaribio za kitabu chake, ambazo mtambo wa kupanga herufi kwa mwanga, uliorithi kazi ya herufi za risasi, ulikuwa umezivuruga, akaanza kutunga TeX, yaani programu ya kupanga maandishi kwa kompyuta. Humo kila mstari hupewa “ubaya”, kipimo cha jinsi nafasi kati ya maneno zilivyotanuliwa au kubanwa, na aya hupimwa yote kwa pamoja, hata neno la mwisho likaweza kubadili mahali unapokatwa mstari wa kwanza. Je, uzuri basi ni hesabu? Kanuni yenyewe huongeza ubaya kwa kipeo cha tatu cha kutanuliwa au kubanwa huko, na ukifika 10,000 huhesabiwa kuwa hauna kikomo, lakini kiwango hicho (kisichoshuka kutoka mbinguni) kilichaguliwa na mtu aliyekwisha kuona ukurasa mbaya, kwa hiyo jicho halikuondolewa, lilitangulia tu. Hata nambari za matoleo ya TeX huisogelea pai (π), na Knuth ameagiza kwamba atakapofariki toleo liitwe pai yenyewe, na kasoro zitakazosalia zihesabiwe kuwa sehemu halali ya programu.