Anasali au Anaswali?

Kiswahili chetu kina herufi moja ambayo wakati wa uchaguzi hufanya kazi kuliko herufi zote. Ni ile w. Mkristo anasali, Mwislamu anaswali. Gari la matangazo la mgombea likishapita, kabla watu hawajaulizana amesoma wapi, amefanya kazi gani, au ana mpango gani na kile kisima kilichoharibika pampu, utamsikia mmoja akimsogelea mwenzake na kunong'ona: "Hivi huyu bwana, anasali au anaswali?" Akishajibiwa anatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupata habari yote.

Swali langu, ndugu msomaji, ni dogo tu. Amepata habari gani?

Sitaki kukimbilia jibu la jukwaani, kwamba dini haina maana yoyote katika siasa. Kwa sisi watu wa Chemba dini ina maana, tena kubwa. Mtoto anapewa jina kwa dini, anaozwa kwa dini na anazikwa kwa dini. Kuna misikiti ya zamani huku, na Farkwa kuna misheni ya Wakatoliki ya tangu enzi za mkoloni. Warangi, Wasandawe, Waburunge, Wagogo na Wabarbaig tumechanganyikana hivyo hivyo, na ukoo mmoja unaweza kuwa na Ramadhani na Petro, Idi wakala pamoja na Krismasi wakala pamoja. Mtu anayeishi hivyo huwezi kumwambia kwamba imani ni kandambili za kuacha mlangoni mwa kituo cha kupigia kura. Anaingia nayo, atake asitake.

Sheria nayo imekwisha kusema yake. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri yetu ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama kinachopigania maslahi ya dini fulani. Ibara ya 39 inataja sifa za mgombea urais: awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe na chama, na kadhalika. Ibara ya 67 inamtaka mbunge awe ametimiza miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Dini haimo. Basi, kwa upande wa sheria hakuna ubishi. Lakini sheria inaishia nje ya kituturi. Ndani ya kituturi ni wewe, karatasi na kalamu, na hakuna hakimu wa kukuuliza kwa nini umeweka alama pale. Swali la maadili linaanzia hapo.

Na tusidhani ni swali la juzi. Mwaka 1958, TANU ikiwa bado inapigania uhuru, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la chama hicho, Sheikh Suleiman Takadir, aliuliza waziwazi Waislamu watapata nini nchi ikiwa chini ya kiongozi Mkristo. Waislamu walikuwa mstari wa mbele kukijenga chama, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Alifukuzwa. Mwaka uliofuata chama cha AMNUT kiliomba uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Waislamu wengi hawakukifuata, walibaki TANU na Mkatoliki wao Nyerere.

Mzee Takadir mimi nampa heshima yake, ingawa sikubaliani naye juu ya dawa. Aliuliza kwa sauti. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli, maana mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya dini ya baba yake amedhulumiwa, na aliyedhulumiwa ana haki ya kuuliza. Alilokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba jibu limo katika dini ya kiongozi. Hebu tutazame yaliyotokea baadaye.

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila alfajiri. Serikali yake ndiyo iliyoleta Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia 1970 shule za misheni, zikiwamo za kanisa lake mwenyewe, zikawa za serikali. Akaja Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu, akatawala tangu 1985 hadi 1995. Ni katika utawala wake, Februari 1992, serikali ilipotia saini Hati ya Makubaliano na makanisa juu ya huduma za afya na elimu, hati ambayo Waislamu wengi wameilalamikia mpaka leo. Akaja Jakaya Kikwete, naye Mwislamu. Ilani ya chama chake ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi. Alikaa Ikulu miaka kumi, na alipoondoka Novemba 2015 hapakuwa na sheria ya Bunge iliyoianzisha.

Sasa yaweke mambo hayo matatu pamoja. Mkatoliki alizichukua shule za Wakatoliki. Utawala wa Mwislamu uliandikiana hati na makanisa. Mwislamu mwingine aliondoka bila ya Kadhi. Sisemi kama walifanya vema au vibaya, kila moja lina ubishi wake. Ninachosema ni kwamba mpiga kura aliyetaka kubashiri mambo hayo kwa kuuliza "anasali au anaswali" angekosea mara tatu mfululizo. Mganga akikukosea mara tatu, bado unampelekea kuku?

Majirani nao wana ushahidi. Mwaka 1994 Wamalawi, ambao wengi wao ni Wakristo, walimchagua Bakili Muluzi, Mwislamu, wakamwacha Kamuzu Banda aliyekuwa mzee wa kanisa na aliyekuwa amewatawala miaka thelathini. Senegal, nchi ya Waislamu wengi, iliongozwa tangu 1960 hadi 1980 na Léopold Sédar Senghor, Mkatoliki na mshairi. Wananchi wa kule hawakuwa na imani haba kuliko sisi. Walipima kitu kingine.

Lakini kuna hoja moja nzito ambayo siwezi kuiruka. Wazee husema: mtu asiyemwogopa Mungu ataogopa nini? Afadhali nimpe kura anayemwogopa Mungu ninayemwogopa mimi, nitajua pa kumshika. Ni hoja ya watu wazima, na wala si ya chuki. Taabu yake ni kwamba hofu ya Mungu haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni kofia, rozari, kanzu na kiti cha mbele siku ya sikukuu, na vyote hivyo vinanunulika. Novemba 2014 Bunge lilipojadili fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, kati ya waliotajwa kupata mgao walikuwamo hata viongozi wa dini. Kama joho lenyewe halitoshi kuwa dhamana, itakuwaje kwa mgombea ambaye tumemwona ibadani mara mbili, zote mwaka wa uchaguzi?

Mimi najaribu kuandika riwaya, na kazi hiyo imenifundisha jambo. Nikiandika kwamba mhusika wangu alikuwa Mkristo safi au Mwislamu wa swala tano, msomaji bado hamjui. Mpaka nimwonyeshe muuza duka akimrudishia chenji iliyozidi, tuone anafanyaje. Hapo ndipo imani yake inapoonekana. Mgombea naye ana chenji zake: alikuwa mtendaji wa kata, michango ya madarasa ilikwenda wapi? Alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi, wakulima walilipwa? Huko ndiko tumtafute Mungu wake.

Kwa hiyo je, imani ya mgombea ihesabiwe au isihesabiwe? Jibu langu ni kwamba ihesabiwe pale anapoitoa nje yeye mwenyewe. Mgombea akisema imani yake inamtuma kufunga vilabu vya pombe, au kurudisha shule fulani kwa taasisi fulani, hiyo imekwisha kuwa sera, na tuijadili kama tunavyojadili bei ya mbolea. Mgombea akionyesha kwamba wananchi wa dini nyingine kwake ni wageni waliokaribishwa, imani ya namna hiyo ni hatari na mpiga kura ana haki ya kumnyima. Mwaka 2015 Edward Lowassa, akiwa katika kanisa la Kilutheri mjini Tabora, aliomba aombewe, kwa kuwa Mlutheri alikuwa hajapata kushika urais. Watu walimlaumu sana. Mimi ningemwuliza tu: Mlutheri akifika Ikulu atafanya lipi ambalo Mkatoliki hawezi? Kama lipo alitaje, tulipime. Kama halipo, basi ameomba kura kwa jina la dhehebu, na jina halichimbi kisima.

Wapo watakaosema kwamba desturi yetu ya zamu imetusaidia: Nyerere Mkristo, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkristo, na Samia Suluhu Hassan, Mwislamu, ingawa yeye aliapishwa Machi 19, 2021 kwa sababu ya kifo na kwa maagizo ya Katiba, wala si kwa zamu. Siidharau desturi hiyo. Nchi ambayo mara ya mwisho iliuliza dini katika sensa mwaka 1967 imejitahidi kutuliza mioyo kwa njia nyingi. Lakini zamu imetuzoesha kuhesabu. Tukizoea kuhesabu juu, tutahesabu mpaka kwenye udiwani.

Na kuhesabu kunaharibu masikio. Mwaka 2023 tulikuwa na mjadala wa mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ya Dubai, na Agosti 18 Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kuupinga. Mtu alikuwa na haki ya kuukubali mkataba au kuukataa. Vijiweni lakini mambo yalihama: huyu anapinga kwa kuwa Waarabu ni Waislamu, yule anatetea kwa kuwa Rais ni Mwislamu. Walikuwapo Waislamu waliopinga na Wakristo waliotetea, ila hawakuingia katika hesabu ile, na vifungu vya mkataba vikabaki havijasomwa. Hata vifo vya siku ya uchaguzi ya Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata havikupona. Lilikuwa jambo la kuuliza nani wamekufa, wameuawa na nani, kwa amri ya nani. Wapo waliotaka kwanza kujua dini ya anayeuliza. Jamani, tukifika mahali ambapo maiti anasubiri kwanza tujue anayemlilia anasali au anaswali, dini yenyewe tumeitukana.

Turudi huku kwetu. Wilaya ya Chemba ilitoka katika Kondoa mwaka 2012. Mradi wa Bwawa la Farkwa, wa kuwapatia maji watu wa Jiji la Dodoma na sisi wenyewe, umetajwa kwa miaka mingi mno. Mama anaamka saa kumi za usiku kufuata maji, na punda anayebeba madumu hajui Ijumaa wala Jumapili. Mkulima wa alizeti anauza kwa bei asiyoipanga yeye. Sasa, mgombea aliyechaguliwa kwa sababu ya maji anadaiwa maji. Aliyechaguliwa kwa sababu ya bei ya alizeti anadaiwa bei. Je, aliyechaguliwa kwa sababu anaswali pamoja nasi, au anasali pamoja nasi, anadaiwa nini? Hadaiwi kitu. Deni lake amelilipa kwa kuzaliwa tu. Miaka mitano atakaa, na ukimwuliza atakwambia, "Mimi si ni wenu?" Nawe utanyamaza, maana ndivyo mlivyokubaliana.

Ndiyo maana napendekeza kipimo kimoja, ambacho kijana wa kidato cha nne na bibi asiyesoma wanaweza kukitumia sawasawa. Swali lako kwa mgombea, liulize mkutanoni, kwa sauti, jirani yako wa dini nyingine akiwa amekaa hapo pembeni. "Mheshimiwa, una msimamo gani juu ya Mahakama ya Kadhi?" Linaulizika. "Hospitali za mashirika ya dini utaziongezea ruzuku au utazipunguzia?" Linaulizika. Hata lile la Mzee Takadir linaulizika, na lilistahili kujibiwa siku ile ile aliyoliuliza. Lakini ukiona swali lako linataka kunong'onwa, mpaka jirani aondoke kwanza, basi halimhusu mgombea. Linamhusu jirani, na kesho asubuhi utakutana naye kisimani.