Habari Ziko Kaunta

Ni Jumatano jioni, umekaa mbele ya kompyuta, na kesho asubuhi jarida la kampuni linatakiwa liende kwa wateja. Ukurasa mweupe. Bosi ameshauliza mara mbili. Unafungua jarida la mwezi uliopita uone uliandika nini, unakuta salamu ndefu, picha ya mkurugenzi akikata keki, na tangazo la punguzo la bei. Unajiambia: safari hii hatuna cha kuandika.

Mnacho. Nasema hivi bila kusitasita kwa sababu kiti hicho nimekikalia. Naandika jarida la barua pepe la kampuni inayouza na kufunga pampu za maji na vifaa vya sola mkoani Arusha, na mwaka wa kwanza wote niliandika yale yanayotufurahisha sisi wenyewe: tumehamia ofisi mpya, tumepokea cheti, tumetimiza miaka kadhaa. Wateja walinyamaza. Hakuna aliyepiga simu wala kujibu barua, nami nikadhani watu wetu hawasomi. Kumbe wanasoma sana! Mkulima anayetafuta maji atasoma hata karatasi iliyofungiwa misumari, mradi imeandikwa habari ya maji.

Kilichonibadilisha ni konzi moja ya mchanga.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi. Nilishuka kaunta kufuata risiti, nikamkuta mama mmoja mkulima wa nyanya kutoka upande wa Ngaramtoni amebeba pampu yake ndani ya kiroba cha unga. Akaitua juu ya meza. "Mwanangu," akamwambia fundi, "hii pampu yenu imechoka. Inatoa maji kama mtoto anayekojoa."

"Shikamoo mama. Hebu tuione."

Fundi akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaiinamisha pampu, na mchanga ukamwagika juu ya kaunta, mchanga laini wa kijivu, umelowa bado. Mapangaboi ya ndani yalikuwa yamelika pembeni kama jino bovu. Fundi akauliza, "Mama, mlipoishusha kisimani, mliacha nafasi chini?"

"Nafasi ya nini? Tuliishusha mpaka ikalala. Si ndiyo tukajua imefika?"

Fundi akachukua kipande cha kamba, akafunga chupa tupu ya maji, akaiteremsha kutoka ukingo wa meza na kuisimamisha kabla haijagusa sakafu. "Iwe hivi, mama. Ining'inie. Mita moja hivi kutoka chini, ili mchanga na tope vibaki vyenyewe huko. Ikilala inakunywa mchanga, na mchanga unaisaga."

Mama akaitazama ile chupa ikining'inia, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na risiti mkononi, kana kwamba alijua kazi yangu ni nini. "Sasa mbona hamkutuambia?"

Swali lile lilinichoma. Wateja wangapi walikuwa wamelaza pampu zao wakati mimi nawatumia picha za keki? Anwani zao nilikuwa nazo, na kila mwezi nilikuwa na nafasi ya kuwaambia. Fundi aliyejua alikuwa ghorofa moja chini yangu. Jioni ileile nilimwomba arudie maelezo yake na chupa yake, nikampiga picha mkono tu na kamba, nikaandika barua ya aya nne. Mada, ule mstari ambao mteja anauona kabla hajafungua, ilikuwa: "Pampu yako imelala au imening'inia?" Kufikia kesho yake mchana nilikuwa na majibu mengi kuliko niliyopata mwaka mzima uliotangulia. Watu walikuwa wamekwenda kisimani kupima kamba.

Ndugu yangu unayeandika jarida la saluni, la SACCOS, la duka la vipuri, la shule binafsi au la kampuni ya kusafirisha mizigo: kaunta unayo. Labda kwenu inaitwa mapokezi, au ni simu ya huduma kwa wateja, au ni kundi la WhatsApp ambalo madereva wanalalamika humo usiku. Popote mteja anapouliza, pale ndipo jarida lako linapoandikwa. Wewe kazi yako ni kufika.

Fika na daftari. Sisi tuna kaunta buku moja, imefungwa kwa uzi karibu na mashine ya risiti, na sharti lake ni kuandika swali kwa maneno ya mteja mwenyewe. Usiandike "changamoto ya ufanisi wa mfumo wa umeme jua". Andika alivyosema: "Mbona sola yangu inachoka saa saba wakati jua ndiyo kali?" Swali hilo liliingia jaridani kama lilivyo. Fundi alikwenda kwa mteja, akakuta tawi la mwembe linatupa kivuli kwenye kona ya paneli moja tu. Paneli zikiungwa mfululizo, kivuli cha moja kinaweza kuzivuta chini zote. Tukaongeza na habari ya vumbi: zioshe alfajiri zikiwa za baridi, usimwagie maji kioo kilichopata moto wa mchana, na ukizifunga uzipe mteremko ili mvua ikusaidie kuziosha. Aya tatu, picha moja ya kivuli. Barua ile hatukuinunua kwa yeyote. Ilikuwa inatembea na fundi kwenye pikipiki.

Na mafundi msiwape karatasi mkawaambia waandike! Wengi wanaogopa kalamu lakini mdomoni ni hazina. Mwambie akurekodie ujumbe wa sauti akiwa bado pale kisimani, dakika mbili, upepo na kuku wakisikika nyuma. Wewe ndiye utakayeandika, na ukiandika umwachie usemi wake. "Pampu inakunywa mchanga" ni maneno ya fundi. Ningekuwa mimi mezani ningeandika "uingiaji wa chembechembe", na mama wa Ngaramtoni angefunga barua.

Jambo hili la kuandika kwa sauti za watu wenyewe ni la zamani sana kwetu. Mwaka 1923 idara ya elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali, lenye makusudio ya serikali, lakini kurasa zake zilijaa sauti za wasomaji: barua, mashairi, na Habari za Miji, ambamo watu waliandika yaliyotokea kwao. Shaaban Robert alichapisha mashairi yake humo. Watu walilingojea gazeti lile kwa sababu huenda ndani yake mna mtu wa kwao. Na miaka 28 kabla yake, mwaka 1895, kampuni ya John Deere ya Marekani, watengenezaji wa plau, ilianza kuwachapishia wakulima jarida liitwalo The Furrow, yaani mfuo wa plau. Kampuni inauza plau, jarida linazungumzia kilimo. Linachapishwa hadi leo.

Nirudi kwenye ile mada ya barua, maana hapo ndipo barua nyingi zinapofia. Mtazame mwanamke anayenunua kanga. Anashika kitambaa, anaangalia pindo na mji, lakini mkono hautoi pesa kabla hajasoma jina. Jina ni maneno machache, na yanamhusu yeye, au jirani yake, au wifi yake. Mada ya barua yako ni jina la kanga. "Jarida letu la mwezi wa tano" ni kanga isiyo na jina. Nani ataijibu? Mimi siku hizi naandika mada kwanza, nikiikosa najua barua yenyewe bado sijaielewa.

Ukishazoea kaunta utaanza kuiona kalenda kwa jicho jipya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya msimu kuanza. Ukitoka, wape wateja sehemu inayohusu ukanda wao, taja umeutoa wapi, kisha waambie jambo moja la kufanya: safisha mifereji ya tangi, kagua nyaya kabla ya radi. Maonesho ya Nanenane yakianza mwanzoni mwa Agosti pale Themi, Arusha, usiende na vipeperushi peke yake. Nenda na daftari. Wakulima wanapita bandani siku nzima wakiuliza, na siku nane zile zinaweza kukulisha mpaka mwaka ugeuke. Barua ya kuosha paneli iliyofanya kazi kiangazi kilichopita irudishe kiangazi kijacho, uirekebishe, uongeze alichokujibu mteja. Anayefunga sola leo hakuisoma ile ya kwanza.

Vya watu ombeni. Ukikuta makala nzuri ya mtaalamu mtandaoni usiibebe nzima ukaiwekea nembo ya kampuni juu. Mwandikie, mwombe, au mweleze msomaji kwa maneno yako mtaalamu yule alisema nini na ampate wapi. Na mteja aliyekupa picha ya shamba lake muulize waziwazi kama anakubali ionekane na watu wote, jina lake litajwe au lisitajwe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Lakini hata sheria isingekuwepo, mtu aliyekuachia anwani yake amekufungulia mlango wa nyumba. Unaingia na kilichokupeleka, na akitaka uondoke, njia ya kujiondoa iwe inaonekana, isifichwe chini kwa maandishi ya sisimizi.

Kuna habari moja ambayo utashawishika kuificha, nayo ni makosa yenu. Mwaka fulani tulileta kontrola ambazo baadhi zilikuwa zinazima zenyewe zikipata joto. Ofisini kukawa na mabishano, wengine wakisema tunyamaze, tubadilishe kimyakimya kwa atakayelalamika. Tuliamua kuandika. Mada: "Kama ulinunua kontrola kwetu kati ya Juni na Agosti, soma hii." Tukaeleza kasoro, namna ya kuitambua, na kwamba tunabadilisha bila malipo. Nilibonyeza kutuma huku tumbo linauma. Wateja walikuja na kontrola zao mikononi, wengine na jamaa zao waliotaka kununua, wakisema wamekuja mahali ambapo watu husema ukweli. Nisikilize vizuri hapa: barua hiyo hata kampuni ndogo yenye wateja 60 inaweza kuiandika, na hakuna tangazo la kulipia litakalokupa heshima ile.

Anza na udogo wako huohuo. Barua moja, jambo moja, mara moja kwa mwezi kama ndiyo nguvu uliyo nayo, lakini mwezi usikatike. Iandike ukiwa umeilenga simu ya mkononi, kwa sababu wengi wataisomea ndani ya daladala. Ukimaliza, msomee mtu wa kaunta kwa sauti. Akikukatiza kusema "hapana, wateja hawasemi hivyo", futa palepale na uandike anachosema yeye.

Leo asubuhi nimefungua majibu ya barua ya mwezi huu. Mwalimu mmoja wa shule ya upande wa Monduli ameandika sentensi mbili: "Kisima chetu maji yake yana chumvi na bomba limeanza kutoboka. Tufanyeje?" Nimezinakili kwenye kaunta buku kama zilivyo. Fundi yuko nje anafunga mizigo kwenye pikipiki, naenda kumwahi kabla hajaondoka.