Fedha Iliyopotea Njia

Fikiri, ewe msomaji, kwamba wakaa katika mtaa wa Mowlem, mashariki ya Nairobi. Jioni moja simu yako yakupa habari: umepokea shilingi 3,000 kwa M-Pesa, na jina la mtumaji hulijui. Punde mwanamke akupigia, asema kwa unyonge kwamba alikosea tarakimu moja; fedha ile ilikuwa kodi ya nyumba. Utafanyaje?

Huenda moyo ukakunong'oneza: "Sikuiba; riziki imenijia yenyewe." Neno hili lina sura ya haki, lakini si haki. Aokotaye sarafu njiani huenda asimjue mwenyewe. Wewe umekwisha ambiwa jina lake. Kosa la kidole halihamishi mali.

Tangu Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, muuza mboga na fundi wameweza kutumiana fedha bila ya kuingia benki. Chombo hiki huhesabu upesi, walakini hakina dhamiri. Kampuni yaweza kuirudisha fedha iliyopotea njia ikiwa bado imo. Ikiisha kutolewa, kazi huwa ngumu.

Kweli, wako walaghai watumao ujumbe wa uongo. Basi tazama salio lako kwanza, na urudishaji uiachie kampuni. Hadhari haimzuii mtu kuwa mwaminifu.

Nambari ya siri hulinda fedha yako na mikono ya watu. Dhamiri hulinda fedha ya watu na mikono yako.